Sakafu ya Ghorofa ya Bweni na Tundu la Ngazi
Maneno ya kamati ya ujenzi kwenye mkutano wa mwaka



Kwa michango yenu ya mwaka jana, bweni la wasichana limepata zege la ghorofa, kuta na bati. Wengi mnatuuliza: kwani kimebaki nini zaidi ya kupiga sakafu? Kimebaki tundu la ngazi.

Tulipopima tulikuta kila kipandio kina kimo cha sentimita 17. Lakini sakafu, juu na chini, itakuwa na unene wa sentimita 5, na fundi alikuwa amepanga kuweka sentimita 2 tu kwenye vipandio. Pigeni hesabu: hatua ya mwisho juu itakuwa 20, na ya kwanza chini itabaki 14. Mguu uliozoea 17 hauna habari. Katika jengo moja tusilolitaja tulimwona mama akijikwaa hapo hapo, mchana kweupe. Watoto wetu watashuka usiku, umeme umekatika. Dawa ni kuweka sentimita 5 kwenye vipandio vyote. Nyongeza yake ni kama mifuko miwili ya saruji, basi.

Ukingo wa tundu nao una mambo yake. Nguzo za kizuizi cha chuma zifungwe kwenye zege lenyewe, kabla ya sakafu. Zikishikwa na sakafu peke yake, wasichana wawili wakiegemea zinang'oka. Kisha ubao unapigwa kuzunguka tundu na kusawazishwa kwa pimamaji. Zege linakwaruzwa, linafagiwa, linaloweshwa, linapakwa uji wa saruji, ndipo mchanganyiko unamwagwa: saruji moja kwa mchanga nne. Mchanga wa ufukweni tuuache jamani, hata kama ni wa bure. Ni laini mno, unadai maji mengi na sakafu inapasuka. Tuchukue wa mto, wenye punje. Upepo hupanda kupitia tundu, hivyo ukingo hukauka upesi na nyufa huanzia hapo. Magunia yenye maji yakae siku 7. Aliyelima ngoro anaelewa: nyasi hutandazwa kwanza, udongo baadaye. Hakuna anayerudi kuzichomeka chini.

Ndugu zetu walioko Ujerumani wameshauri tutandaze povu gumu chini ya sakafu, kuzuia baridi. Tunawashukuru. Ila huko sakafu nyingi zina mabomba ya kupasha joto. Sisi hatuna, na chini ya ghorofa yetu wanalala wasichana wengine. Baridi ya Juni na Julai itatushukia kutoka kwenye bati, na joto la chini litapanda kwa tundu la ngazi na kupotelea huko huko juu. Fedha hiyo iende kwenye dari.

Sakafu ya juu ni mita za mraba 180. Pamoja na vipandio tunaomba mifuko 70. Saruji ya sakafu ya chini ipo stoo. Kizuizi ni mita 11. Anayependa kutoa chuma badala ya fedha amwone mhazini kabla ya kununua, maana mwaka jana tuliletewa nondo za vipimo vitatu.