Mwenye Kadi ya Kijani Akija Nyumbani, Tumhesabie Siku
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Katika ziara zetu vikundini mmetuuliza mara nyingi: mtoto wetu yuko Marekani, amepata karatasi za kuishi huko, mbona akija nyumbani ana haraka ya kurudi? Je, anatudharau? Leo tuzungumze juu ya jambo hili, maana familia nyingi zinakosana kwa kutojua sheria.

Kwanza tufahamu kwamba kadi ya kijani si uraia. Mwenye kadi ameruhusiwa kuishi na kufanya kazi Marekani kwa kudumu, basi. Ili aombe uraia, kwa kawaida ni lazima awe amekaa huko na kadi yake miaka 5. Aliye katika ndoa na raia, na wanaishi pamoja, anaweza kuomba baada ya miaka 3. Katika miaka hiyo, safari zake zote za nje zinahesabiwa. Na hesabu ni mbili, tusizichanganye.

Hesabu ya kwanza ni urefu wa kila safari. Safari isiyozidi miezi 6 kwa kawaida haina shida. Ikizidi miezi 6 na haijafika mwaka, serikali inachukulia kwamba ukaaji wake umekatika. Hapo ni juu yake kuthibitisha kwamba hakuhama: hakuacha kazi, nyumba yake ipo, watu wa nyumbani kwake walibaki kule. Ikifika mwaka mzima, ukaaji umekatika kweli. Tuseme aliondoka Machi 2022 akarudi Juni 2023. Yule wa miaka 5 atangoja tena miaka 4 na siku 1 tangu siku ya kurudi, yaani hadi Juni 2027. Hata hapo bado ataulizwa juu ya miezi ile aliyokuwa nje.

Kuna kibali cha kurudi, ambacho huombwa kabla ya kuondoka na huweza kufika miaka 2. Wengi hudhani kinalinda uraia. La! Kinamsaidia kuingia tena nchini, lakini hakizuii ukaaji kukatika. Na aliyekaa nje mwaka au zaidi bila kibali hicho, hata kuingia kwa kadi peke yake ni taabu.

Hesabu ya pili ni jumla ya siku. Katika miaka 5, lazima awe amekuwa ndani ya Marekani miezi 30 au zaidi. Kwa yule wa miaka 3, ni miezi 18. Mtu anaweza kusema, "Mimi sizidishi miezi 6, nakaa Kenya miezi 5, naenda kule mwezi 1, kisha narudi." Haya, tupige hesabu pamoja. Kwa miaka 5 atakuwa amekaa Marekani miezi 10 tu. Hakuna safari iliyozidi miezi 6, lakini uraia hapati, na kadi yenyewe inaweza kutiliwa shaka.

Sasa, sisi wa vikundi inatuhusu vipi? Inatuhusu sana, kwa sababu mara nyingi sisi ndio tunaomshika mtu asirudi.

Moja, mambo ya shamba na urithi. Kesi huahirishwa na mtu anaambiwa, "Ngoja kidogo." Mwezi unazaa mwezi. Afadhali aende kwa wakili, aandike hati ya kumpa ndugu anayemwamini uwezo wa kumsimamia, naye arudi kwa wakati.

Mbili, mzazi mgonjwa. Mtoto akitaka kuja kuuguza, ndugu wakae kikao wagawane zamu, mzigo wote usimwangukie yule aliyetoka mbali. Barua za hospitali zitunzwe, zitamfaa kujieleza. Lakini tujue kwamba hazifuti mwaka mzima wa kutokuwepo.

Tatu, wazazi wanaoitwa na watoto walio raia wa Marekani. Mama anapewa kadi, kisha anarudi kwa ng'ombe wake na kikundi chake, anakaa mwaka. Akina mama, ulizeni mapema: nataka kuhamia kule, au nataka kuwaona wajukuu? Kama ni kuwaona tu, viza ya matembezi inatosha. Kadi ya kijani ni ya mtu anayehamia.

Nne, kumbukumbu. Kila tarehe ya kuondoka na kurudi iandikwe daftarini, tikiti na paspoti za zamani zisitupwe. Siku ya kuomba uraia ataulizwa safari zote. Kodi ya Marekani pia aendelee kuijaza kama mkaaji.

Wazee wengine wanaogopa: akichukua uraia wa huko, si atapoteza shamba? Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani, maana sheria yetu ilikataza uraia wa nchi mbili. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wa Kenya kwa kupata wa nchi nyingine. Aliyeupoteza zamani kwa njia hiyo ana haki ya kuomba arudishiwe. Anachotakiwa ni kuitaarifu serikali ya Kenya kwamba amepata uraia wa pili.

Mwenye shida ya pekee amwone wakili wa mambo ya uhamiaji, si dalali wa karatasi. Nasi tunawaomba mlizungumze jambo hili katika mkutano wenu ujao. Mtu wetu akifika, tumpokee kwa furaha, tumwulize tarehe yake ya kurudi, na vikao vyetu tuvipange kabla ya siku hiyo.