Malezi ya Roho ya Mwanafunzi: Ushahidi wa Wabahai wa Afrika Mashariki

Kipindi chetu cha historia leo kinaanzia Chukwani, kusini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, pale Sultani Sayyid Barghash alipojenga moja ya majumba yake, na pale ambapo mwaka 1998 shirika la Kiislamu kutoka Kuwait lilianzisha chuo cha elimu kilichokuja kuitwa Chuo Kikuu cha Sumait. Penye wanafunzi hapakosi swali hili: malezi ya roho ya kijana anayesoma yanasimama juu ya nini? Juu ya jengo, juu ya kiongozi, au juu ya kikao cha kusoma pamoja? Nasema ni kikao, na ushahidi nautoa kwa jamii ndogo isiyozungumzwa sana Unguja: Wabahai wa Afrika Mashariki.

Dini hii ilianza Uajemi katika karne ya 19, na mwasisi wake, Bahá'u'lláh, alifariki karibu na Akka mwaka 1892. Wafuasi wake walifika Kampala mwaka 1951. Walikuwa watu wachache, Musa Banani na mkewe, binti yao na mkwe wao Ali Nakhjavani, pamoja na Mwingereza Philip Hainsworth. Hawakuja na mapadri wala masheikh, kwa sababu dini yao haina makasisi. Walikaribisha watu nyumbani, wakasoma na kujibu maswali. Mwaka 1952 akaingia Enoch Olinga, kijana wa Kiteso wa miaka 26 hivi, na mwaka uliofuata alikuwa ameshafika Kameruni kuwafundisha wengine. Mwenendo huo haujabadilika. Hadi leo maisha ya Wabahai vijana yana mikutano ya sala majumbani, madarasa ya watoto, vikundi vya wenye miaka 12 hadi 15, na duru za vijana na watu wazima wanaosoma vitabu vilivyopangwa kwa mfuatano, vilivyoandikwa kwanza Kolombia. Mwanafunzi anayepitia mfululizo huo wa vitabu huweza baadaye kuwaongoza wenzake. Kila baada ya siku 19, jamii nzima hukutana kwa sala, mashauriano na maakuli.

Mtu atauliza: mbona Wabahai wana hekalu kubwa Kampala, juu ya kilima cha Kikaaya, lililofunguliwa Januari 1961? Si jengo hilo lililowashika? Historia yenyewe inajibu. Septemba 1977, Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipiga marufuku madhehebu mengi, Wabahai wakiwemo. Jengo lilibaki limesimama, lakini ibada ya pamoja ilikatazwa. Aprili 1979 Amin aling'olewa, na Septemba mwaka huohuo Olinga, ambaye wakati huo alikuwa kiongozi miongoni mwao, aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao watatu nyumbani kwao Kampala. Jamii iliyopokonywa hekalu na kisha kiongozi ilipaswa kufa, kama uhai wake ungekuwa kwenye viwili hivyo. Haikufa. Ilijikusanya upya, na hekalu linatumika mpaka sasa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: pasipo mwanachuoni, nani atazuia upotofu? Wabahai hujibu kwa mambo mawili, maandishi ya dini yao na mabaraza ya watu tisa yanayochaguliwa kila mwaka kwa kura ya siri, bila wagombea wala kampeni. Zanzibar ina jawabu lake, nalo ni la kale. Wanavyuoni wake Sheikh Abdallah Bakathir na Sayyid Ahmad bin Sumait, waliofariki wote mwaka 1925, walitoa elimu kwa darsa, na idhini ya kufundisha ilipita kwa mwalimu anayejulikana, kutoka mkono hadi mkono. Njia hizi mbili hazifanani, na sizifananishi kwa itikadi. Kwa Waislamu, Mtume Muhammad ni wa mwisho, na dai la Wabahai kuhusu Bahá'u'lláh linapingana na msingi huo waziwazi. Lakini mwanahistoria anapotazama namna elimu ilivyodumu, anakuta pande zote mbili watu waliokaa chini, wakasoma, wakaulizana, na kurudi tena wiki iliyofuata.

Wapo watakaosema kwamba mwanafunzi wa leo ana mitihani na simu, hana wakati wa vikao. Nadhani hoja hiyo inatupa sababu ya kuvilinda. Kijana aliyetoka Micheweni au Makunduchi kuja kuishi dahalia ameacha nyuma wazee, jirani na mwalimu wake wa chuo cha Kurani. Mhadhara mkubwa wa mara moja kwa mwaka haujazi pengo hilo, kwa kuwa humwacha msikilizaji tu. Duru ya watu wanane humpa zamu ya kusoma, humtaka aeleze alichofahamu, na asipofika huuliziwa. Basi wenye dhamana ya vijana, wa dini yoyote, wasianze kwa kuuliza tumewajengea nini. Waulize: kila wiki vijana wetu wanakaa na nani, wanasoma nini, na ni nani kati yao anayeandaliwa kufundisha kesho?