Mwalimu Mwanagenzi na Darasa Lake



Sisi wa reli tunajua jinsi kazi inavyofundishwa. Kijana mgeni haachiwi njia peke yake siku ya kwanza; hutembea na nyapara mpaka macho yake yazoee. Lakini sekondari msingi ilipoanza na Gredi ya 7, Januari 2023, walimu wanagenzi wengi waliachiwa darasa peke yao, kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Na walikuwa wamehitimu! Mei 2024 wengi wao waligoma, nasi hatukuwalaumu.

Kutawala watoto wa miaka 12 hadi 15 si mchezo. Ukimkemea mmoja mbele ya wenzake, umejitengenezea adui, au umemfanya shujaa wa darasa. Mwanagenzi akipaza sauti, nao hupaza. Aliyekwisha kuijua kazi hunyamaza akangoja. Hujifunza majina yao upesi, husogea karibu na meza yenye kelele bila kukatiza somo, na kazi huwa ubaoni kabla hawajaketi, maana dakika tano za bure ndizo huzaa fujo.

Wazee wengine hapa Kiritiri, mkija sokoni na ndengu zenu, humwambia, "Mwalimu, wachape tu." Acheni, ndugu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza, na kesi itamshika yeye, si ninyi. Afadhali mmwulize mwalimu mkuu: ni nani huketi nyuma ya darasa akamtazama kijana huyu akifundisha, kisha akamweleza? Kama hakuna, lipelekwe kwenye mkutano wa wazazi, nasi tutakuwapo.