Hiba ya Mzazi na Kodi ya Mirathi

Wasikilizaji, mada yetu ni hiba ya fedha ambayo mzazi aliyeko Uingereza humpa mwanawe ili anunue nyumba. Tuanze na lililo wazi: mwana hatozwi kodi siku ya kupokea, ijapokuwa benki imkopeshayo kwa kawaida humtaka waraka wenye saini ya mzazi, ukikiri kwamba fedha hizo si deni. Taklifu huja baadaye, kwani mzazi akifariki kabla haijatimia miaka 7, hiba ile, ikiondolewa msamaha wa pauni 3,000 kwa mwaka, hujumlishwa na mali aliyoyaacha, na kinachozidi pauni 325,000 huenda kikatozwa asilimia 40.

Serikali ina hoja: pasipo sharti hilo, matajiri wangegawa mali yao yote wakiwa katika maradhi ya mauti. Kwa upande wa pili, na kwangu huu ndio mzito zaidi, tajiri ana wakili wa kumhimiza atoe mapema, ilhali mjane mwenye akiba ya aushi yake hutoa pale tu anapojaaliwa.

Je, ni adili kodi ya hiba iamuliwe na siku ambayo mtoaji hawezi kuichagua?