Tomaso na Dawa za Kupunguza Unene



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya Jumapili hii ya Pili ya Pasaka, kutoka Yohane sura ya 20, inatuletea tena Tomaso, mtume ambaye jina lake tumeligeuza kuwa lawama. Mtu akisita kusadiki habari, humwita Tomaso. Lakini yatupasa kumtazama kwa haki. Wenzake walimpa habari iliyo kuu kuliko zote, naye akataka kwanza kuyaona majeraha na kuyagusa. Bwana hakumfukuza kwa sababu hiyo. Tena, siku ya nane Tomaso alikuwamo ndani pamoja na wenzake, akiwa bado na shaka yake. Hakuibeba gizani peke yake. Na alipoonyeshwa, alikubali.

Leo napenda tuifuate njia hiyo ya Tomaso katika jambo linalowasumbua wengi: dawa mpya za kupunguza unene. Je, ni salama?

Huenda mtu akashangaa kwamba swali hili linaulizwa Singida, mkoa wa ukame, ambao wazee wake wanaikumbuka njaa. Kwetu sisi mtu aliyenenepa alisifiwa kuwa amenawiri. Na katika miaka mibaya ya UKIMWI, tulichoogopa ni kukonda. Hata hivyo, katika nyumba zetu leo, toka Iramba hadi Manyoni, wamo wagonjwa wa kisukari na wa shinikizo la damu, ambao daktari huwaonya kwamba uzito wa mwili unawazidishia hatari. Wamo pia wasio na ugonjwa wowote, ila wamechomwa moyo na dhihaka, pengine ya mume, pengine ya rafiki, na sasa wanatafuta dawa kimyakimya. Hao wote ni watoto wa Mungu, na wote wanastahili jibu la kweli.

Wenye mashaka na dawa za namna hii wanayo sababu. Mwezi Septemba 1997, huko Marekani, dawa ya kupunguza unene iitwayo fenfluramini iliondolewa madukani baada ya waganga kugundua kwamba iliharibu vali za moyo. Nchini Ufaransa ilikuwapo dawa ya ukoo uo huo, iitwayo Mediator. Ilianza kuuzwa mwaka 1976 kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzito mkubwa, lakini watu wengi waliitumia ili wakonde tu. Iliendelea kuuzwa miaka 12 baada ya onyo lile la Marekani. Daktari mmoja wa mapafu katika mji wa Brest, mama Irène Frachon, ndiye aliyeanza kuhesabu majeraha: mgonjwa mmoja mmoja, moyo mmoja mmoja. Wengine hawakupenda kumsikiliza. Mwaka 2009 dawa hiyo iliondolewa, na mwaka 2021 mahakama ya Paris iliitia hatiani kampuni ya Servier kwa udanganyifu na kwa kusababisha vifo bila kukusudia. Yule mama alifanya kazi ya Tomaso: alitaka kuyaona majeraha kabla ya kusadiki. Shaka yake iliokoa watu.

Lakini Tomaso alipoonyeshwa, alikubali. Basi nasi tusiseme kwamba kwa kuwa dawa ya jana iliua, kila dawa ya leo ni sumu. Dawa mpya inayotajwa sana ni semaglutaidi, inayojulikana na wengi kwa jina la Ozempic. Ni sindano inayochomwa mara moja kwa wiki. Inaiga kichocheo cha utumbo kinachouarifu ubongo kwamba tumeshiba. Marekani iliiruhusu kwa kisukari mwaka 2017, na kwa unene mwaka 2021. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha watu zaidi ya 17,000 wenye uzito mkubwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya damu. Miongoni mwa waliopewa dawa hiyo, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya maradhi hayo vilipungua kwa sehemu moja ya tano. Huo ni wema, na mwenye haki haufichi.

Majeraha nayo tuyataje. Wengi hupata kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Wachache hupata mawe katika kifuko cha nyongo au uvimbe wa kongosho, ambao ni hatari. Mama mjamzito haimfai. Tena utafiti ulionyesha kwamba walioiacha walirudishiwa, katika mwaka mmoja, takriban theluthi mbili za uzito walioupoteza. Basi mwenye kuuza magunia yake ya alizeti anunue sindano za miezi mitatu, mwezi wa nne atauza nini? Na juu ya matumizi ya miaka 30 hakuna awezaye kushuhudia, maana dawa yenyewe haijafikia umri huo.

Liko pia jeraha la udanganyifu. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya Ozempic bandia zilizogunduliwa mwaka 2023 katika Brazil, Uingereza na Marekani. Ikiwa nchi hizo ziliingiliwa, je, kichupa kinachouzwa mnadani, au kuletwa na mtu tuliyemjua kwa simu tu, tutakiamini kwa msingi gani?

Ndugu zangu, Bwana alisema wana heri wanaosadiki bila kuona. Neno hilo linamhusu Yeye aliyefufuka. Hakuna kiwanda cha dawa, wala muuzaji, wala mhubiri wa miujiza ya chupa, anayestahili imani ya namna hiyo. Hao tuwaulize. Tuulize: dawa hii imepimwa kwa ugonjwa gani, nami ninao ugonjwa huo? Je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na imeandikwa na daktari aliyenipima? Na mimi naitaka kwa ajili ya afya, au kwa ajili ya macho ya watu?

Wala shaka isitupeleke upande wa pili. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu mganga na kutozidharau dawa, maana asili yake ni Mungu. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa aliyopewa hospitalini kwa sababu ya uvumi hakumfuata Tomaso. Tomaso aliuliza akangoja jibu. Huyu amekimbia kabla ya kujibiwa.

Nanyi makatekista, ambao watu huwajia kabla ya kwenda zahanati: msiandike dawa, wala msikataze dawa. Kazi yenu ni kumsindikiza mwenye hofu hadi mahali penye jibu. Na katika Jumuiya Ndogo Ndogo tukomeshe mzaha juu ya miili ya wenzetu. Mwanamke anayecheka pamoja nasi tunapomwita pipa ndiye atakayekwenda usiku kununua kichupa kisicho na jina, na akidhurika hatathubutu kumwambia mtu. Jeraha lile la kwanza litakuwa limetoka mikononi mwetu.

Bwana Mfufuka, ambaye hakuona haya kuonyesha majeraha yake, atujalie ujasiri wa kuonyesha yetu, na hekima ya kuuliza kabla ya kumeza. Nawatakieni Jumapili njema. Amina.