Kimbunga cha bahari na kimbunga cha nchi kavu: kipi ni hatari zaidi?

(Mazungumzo haya yalitolewa kwa wanachama wa vikundi vya akina mama na wazee wa vijiji, Ikutha. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa.)

 

Mnakumbuka mwanzo wa mwezi wa Mei 2024, redio zote zilikuwa zinatangaza kimbunga Hidaya. Tarehe 3 Serikali ikasema shule hazitafunguliwa kwanza. Wakati huo huo nyanya mmoja wa hapa kwetu alinijia na wajukuu watatu na mzigo wa nguo kichwani. Akaniuliza, "Mwanangu, huo upepo wa kubeba nyumba unafika lini? Mimi nawapeleka hawa watoto kwa dada yangu." Sasa, kufika kwa huyo dada ni lazima kuvuka mto wetu wa mchanga, na siku ile maji yalijaa kutoka ukingo huu hadi ule. Yaani alikuwa anakimbia upepo ambao haungemfikia, na anaelekea kwenye maji aliyokuwa anayasikia kwa masikio yake.

Sikumcheka. Kosa lilikuwa letu. Tumefundisha matuta, vyoo na kuchemsha maji, lakini habari za pepo hatukuwahi kuzieleza.

Basi tuanze. Kuna pepo mbili za kuzunguka zinazoogopwa duniani, na watu huzichanganya kwa sababu sisi twaziita zote kimbunga. Ya kwanza ni kimbunga cha bahari. Huzaliwa juu ya bahari yenye joto, huwa na upana wa mamia ya kilomita, na huishi siku nyingi. Freddy ya mwaka 2023 iliishi zaidi ya mwezi mmoja. Ikishaingia nchi kavu hupungua nguvu, maana chakula chake ni lile joto la bahari.

Ya pili huitwa tonado. Hii hushuka kutoka kwa wingu la radi kama mkonga wa ndovu mpaka chini. Upana wake mara nyingi ni kama wa shamba la mtu mmoja, na kwa kawaida humaliza kazi yake kwa dakika chache. Lakini katika hizo dakika, tonado kali kabisa hupita kilomita 400 kwa saa, na ni nadra sana kimbunga cha bahari kuvuma hivyo. Inaweza kubomoa nyumba hii na kuacha ya jirani na kuku wake uani. Marekani ndiko ziko nyingi, lakini hata Afrika zipo. Mwezi wa Juni 2024 moja ilipiga Tongaat, karibu na Durban, ikaua watu zaidi ya kumi.

Sasa kipi ni hatari zaidi? Kama unauliza mahali pamoja, penye nyumba moja, tonado ni mbaya zaidi, tena haikupi nafasi. Onyo lake huhesabiwa kwa dakika, lakini kimbunga cha bahari hutangazwa siku kadhaa mbele. Lakini ukihesabu makaburi, mambo yanageuka. Bangladesh imeonja vyote viwili. Tonado ya Aprili 1989, inayohesabiwa kuwa ndiyo iliyoua wengi kuliko zote duniani, iliua watu wapatao 1,300. Kimbunga cha bahari cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi hiyo hiyo. Na wengi wa hao hawakuuawa na upepo. Upepo uliisukuma bahari ikapanda juu ya visiwa na mashamba usiku. Maji, ndugu zangu.

Halafu kuna ujanja wake mmoja. Katikati ya kimbunga cha bahari kuna mahali patulivu, wanapaita jicho. Likifika upepo hunyamaza, watu hutoka nje kutafuta mabati yao, halafu upepo unarudi kutoka upande wa pili.

Msifikiri haya ni mambo ya mbali sana. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilipona, na ndiyo baadaye ikawa kisiwa cha karafuu. Mwaka 1952 kikapiga Lindi. Mwezi wa Machi 2019 Idai iliingia karibu na Beira, Msumbiji, na zaidi ya watu 1,000 wakafa huko, Malawi na Zimbabwe. Hidaya yenyewe ilifika kisiwa cha Mafia tarehe 4 Mei 2024, ikiwa imeshapungua nguvu.

Je, kitafika Ikutha? Hapana. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo mpaka uwe kimbunga. Kwa kawaida kinaanza kilomita 500 hivi kutoka ikweta, na sisi tuko kama kilomita 230 tu. Tena bahari iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 200. Hicho kisulisuli chetu cha vumbi kinachobeba magunia sokoni si tonado. Hicho kinaanzia chini, kwa ardhi iliyochomwa na jua, mbingu ikiwa safi.

Lakini kimbunga cha mbali kinaweza kutuumiza bila kutufikia. Mwaka 2019 wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba Idai ilichangia kuchelewesha mvua za masika hapa Kenya, kwa kuvuta unyevu kuelekea kwake. Wengine mlikuwa mmeshapanda kwa vumbi. Mimi pia nilipanda, nikalisha kindi.

Tulicho nacho hapa ni vitu viwili. Cha kwanza ni ule upepo unaotangulia mvua ya radi. Huo unang'oa mabati, na bati linaloruka ni panga. Chumba cha duka kimoja nilichowahi kupanga kiliezuliwa mwaka mmoja, na fundi alikuwa amepiga misumari kwenye mbao bila kufunga mbao kwa ukuta. Paa lote liliondoka kama kifuniko cha sufuria. Waya wa kufungia haufiki hata bei ya bati moja. Upepo ukianza, ingieni ndani, msikae chini ya mti.

Cha pili ni mto. Mwezi wa Disemba 2021, kule Mwingi, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wanakwenda harusi lilizama Mto Enziu, na watu zaidi ya 30 walikufa. Hakukuwa na kimbunga siku hiyo. Na hata katika mvua za 2024, siku Hidaya ilipofika Mafia, mafuriko yalikuwa yameshaua zaidi ya watu 200 hapa Kenya.

Mto wa mchanga unadanganya, kwa sababu mvua inanyesha milimani na huku kwako jua linawaka. Maji ya magotini yakienda kasi humwangusha mtu mzima. Ukiona maji ya matope yenye majani na povu, toka, hata kama ng'ombe wako yuko ng'ambo. Mzee mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Najua, mzee, ng'ombe ni karo ya shule. Lakini maji ya mito yetu hupungua. Ng'ombe atangoja mpaka kesho.

Yule nyanya nilimwomba akae. Alilala kwa jirani yangu siku mbili na wajukuu, mto ukashuka, akavuka kwa miguu kwenye mchanga.

Wale tuliopatana kufunga paa la nasari Jumamosi, njooni na koleo. Waya tunao.