Mlango Ulioachwa Wazi

Msikilizaji, mzazi anapohofia michezo ya mtandaoni, mara nyingi macho huishia kwenye bunduki za skrini. Hatari kubwa zaidi iko pembeni, pale wachezaji wanapoongea. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 baada ya serikali ya Marekani kuishtaki, pamoja na mengine, kwa kuacha mazungumzo ya sauti na maandishi yakiwa wazi tangu mwanzo, watoto wakikutanishwa na wasiowajua. Basi usiingoje kampuni: fungua mipangilio, uzime mazungumzo, au uyaachie marafiki mnaowafahamu tu.

Wapo watakaosema, mnyang'anye mtoto simu, yaishe. Yataisha machoni pako. Mtoto ataazima ya jirani, na akitishwa huko hatakwambia, maana kusema ni kukiri kosa. Wengine hudai hawajui mambo ya simu. Mwambie mwanao akuonyeshe. Watoto hufurahia sana kuwafundisha wakubwa. Na mtu mchezoni akimwomba mwanao picha, au kumvuta wahamie WhatsApp, hifadhi ujumbe kwanza, kisha mfungie mtu huyo. Ukiwa Kenya au Tanzania, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.